Yaya, Nimefika Matonge, Lakini Wote Wana Mabegi

Mama, Baba Mkubwa na wandugu wote wa Rughenda, Butembo,

Wavukire, habari za asubuhi. Barua ikiwafikia jioni, badilisheni salamu wenyewe. Mimi huku nimeacha kujua jua liko upande gani, maana sehemu kubwa ya siku naipitisha chini ya udongo. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na Baba Mkubwa asikatize mpaka mwisho. Najua atakatiza.

Kwanza habari iliyonileta. Yaya, dada yangu mkubwa, amejifungua salama. Ni msichana, baada ya wavulana watatu mfululizo, kwa hiyo jina hamna haja ya kuuliza: Kahindo. Kwetu hata jirani tusiyesalimiana naye angelijua bila kuambiwa. Huku linahitaji maelezo, nami nimefaulu kulieleza, lakini ilibidi kwanza nipotee mara tatu.

Mnakumbuka kwamba Mama ndiye aliyepaswa kuja kumkanda yaya, akakataa katakata kupanda chombo kinachoruka bila kupiga mabawa. Miaka yote anaona ndege ndogo zikishuka kwenye kiwanja chetu cha Rughenda na hajabadili mawazo. Basi nikatumwa mimi, muuza vipuri vya pikipiki, nije kumtunza mzazi. Nikapita Beni, nikavuka mpaka wa Kasindi, nikapanda ndege Entebbe, na sikupotea popote. Mimi ni mtu wa barabara. Kampala naijua, Nairobi naijua, Kisangani nimefika wakati wa mvua. Nikasema Brussels haitanishinda. Na kweli, Brussels ya juu haikunishinda. Iliyonishinda ni ya chini.

Yaya anakaa Koekelberg, karibu na basilika kubwa yenye kuba la kijani. Chini ya mtaa huo kuna kituo cha metro, treni inayopita ndani ya ardhi. Kwetu wanaoingia ardhini ni watatu: fuko, mchimbaji wa dhahabu na marehemu, na hakuna hata mmoja anayeulizwa tiketi. Huku wote wanaulizwa. Unagusisha kadi kwenye mashine, milango miwili ya kioo inafunguka, unapita, inajifunga. Mara ya kwanza nilipita mimi, begi likabaki nje. Tukatazamana kupitia kioo kama wachumba waliotenganishwa na wazazi.

Metro hii ilianza tarehe 20 Septemba 1976, na ina njia nne. Baba Mkubwa, wewe uliyetufundisha hesabu kwa fimbo, sikiliza namna wanavyozihesabu: ya 1, ya 2, ya 5 na ya 6. Nikauliza ya 3 na ya 4 zimekwenda wapi. Nikajibiwa kwamba namba 4 ni ya tramu, na ya 3 bado wanaichimba. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtu akikuhesabia moja, mbili, tano, sita, usimfuate gizani.

Lakini niwasifu katika jambo moja. Juu ya jukwaa kuna ubao unaoandika kwamba treni inakuja baada ya dakika 3, na baada ya dakika 3 inakuja kweli. Nilipoingia nikakaa kungoja ijae. Haikungoja. Iliondoka na viti vitupu, vizuri kabisa, vya kukalia watu! Nilimhurumia dereva. Nikatafuta konvuayeri wa kuita abiria, hayupo. Kuna sauti ya mama mmoja tu, hajulikani amejificha wapi, anayetaja jina la kituo kwa upole kama anayekusomea matokeo ya hospitali.

Nilipoingia nilisalimia. Kwani ningefanyaje? Katika taksi ya Beni tunakaa wanne nyuma, na ikifika Kabasha unajua nani ana kesi ya shamba, nani mke wake amerudi kwao, na nani anaumwa tumbo na amekula nini. Basi nikasema bonjour kwa sauti ya kutosha behewa zima. Kimya. Mtoto mmoja akaanza kunijibu, mama yake akamrekebisha kofia. Wote walikuwa wanatazama simu, na wasio na simu walikuwa wanatazama mahali ambapo simu ingekuwapo. Nikajiambia labda kuna msiba, nikainamisha kichwa pamoja nao.

Sasa, safari yenyewe. Siku ya nne yaya aliniambia hamu imemzidi: anataka sombe na makayabo, majani ya muhogo na samaki wa chumvi, na vitu hivyo viko Matonge. Matonge ya Brussels, si ile ya Kinshasa, ingawa hii imechukua jina kwa ile. Ni mtaa wa Wakongo ndani ya Ixelles, na kituo chake kinaitwa Porte de Namur. Yaya, akiwa amelala na mtoto kifuani, akanipa maelezo ya mtu anayesinzia: "Ni rahisi. Shuka chini, panda treni, hesabu vituo, toka kwenye cha nane."

Nikashuka, nikapanda. Ndani ya behewa, juu ya mlango, kuna ramani ya njia nzima: mstari, na juu ya mstari majina. Nikaanza kuhesabu majina. Osseghem, moja. Ossegem, mbili. Beekkant, tatu. Gare de l'Ouest, nne. Weststation, tano. Delacroix, sita. Clemenceau, saba. Gare du Midi, nane! Nikashuka kifua mbele.

Nikampigia yaya.

"Yaya, nimefika Matonge, lakini sioni Wakongo wengi, na wote wana mabegi."

"Mabegi gani?"

"Makubwa, ya magurudumu. Wanakimbia. Kuna mmoja amesema treni yake ya Paris inaondoka."

Kimya. Halafu nikamsikia anamwambia mtoto: "Kahindo, huyu ndiye mjomba wako."

Kumbe, wandugu, mji huu una lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, na hakuna inayokubali kukaa nyuma ya nyingine. Kwa hiyo karibu kila kitu kina majina mawili. Osseghem na Ossegem ni kituo kimoja. Gare de l'Ouest na Weststation ni kimoja. Arts-Loi ndiyo Kunst-Wet, na Porte de Namur ndiyo Naamsepoort. Nilikasirika, kisha nikajikumbuka: mimi mwenyewe nina jina la padri na jina la bibi, na hakuna aliyewahi kuniwekea sahani mbili mezani.

Hilo lilikuwa kosa langu. La pili lilikuwa la yaya. Chini ya nyumba yake kuna majukwaa ya ngazi mbili tofauti. Moja linaitwa Simonis, jingine Elisabeth. Treni ya njia ya 2 inaanzia Simonis, inazunguka mji kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, inamalizia Elisabeth. Yaani baada ya vituo vyote hivyo, abiria mvumilivu anashuka palepale alipopandia! Mpaka mwaka 2013 pande zote mbili ziliitwa Simonis; nadhani wageni walilia sana ndipo wakatenganisha majina. Kutoka Elisabeth, Porte de Namur ni cha nane. Kutoka Simonis ni cha kumi. Yaya alihesabu kuanzia mlango wake wa mbele, mimi nikatokea wa nyuma.

Nikarudi ndani ya treni, sasa nikijua kwamba Porte de Namur ni cha nne kutoka Gare du Midi. Nilikaa karibu na mzee mmoja na wasichana wawili. Kituo kilipofika nikasimama, nikaaga. Nikampa mzee mkono. Nikawatakia wasichana masomo mema. Nilipogeuka, milango ilikuwa imefungwa. Milango ya metro haingoji mtu amalize kuaga. Motari wa kwetu, mwendesha pikipiki, anazima hata injini mkiwa mnaagana. Hawa hawana adabu hiyo.

Nikashuka kituo kinachofuata, Trône, yaani kiti cha enzi. Nikapanda ngazi kutafuta hewa, na nani ninamkuta juu? Mfalme Leopold wa pili, juu ya farasi, na ndevu zake zote. Sanamu iko pale tangu 1926. Nikaizunguka nisome, na pembeni kuna maandishi yanayosema kwamba shaba na bati vya sanamu hiyo vilitoka Kongo, na kwamba vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Bure! Nikasimama pale na baridi yangu. Kumbe farasi ni ndugu yetu wa Katanga. Nimefika huku kwa viza, picha mbili na vidole kumi kwenye mashine, na yeye aliingia bila kuulizwa kitu, akapewa mahali pazuri karibu na ikulu, na mzee wa kumbeba. Nikamgonga kwenye jiwe la chini nikamwambia: "Vumilia, ndugu."

Hapo ndipo nilipoanza kuyaangalia majina ya ramani kwa jicho jingine. Baba Mkubwa atakumbuka kwamba mwaka 1966 Mobutu aliyafukuza majina ya kikoloni kwenye miji yetu: Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Nilikuwa najiuliza majina yale yalikimbilia wapi. Nimeyakuta. Yamejificha chini ya ardhi. Malkia Elisabeth ni mwisho wa njia mbili. Mwisho mwingine wa njia ya 6 unaitwa Roi Baudouin, yule Bwana Kitoko ambaye wazee wetu walimpigia vigelegele mwaka 1955. Hata barabara ndefu ya chini kwa chini inayopita karibu na kwa yaya iliitwa Leopold wa pili, mpaka mwaka 2021 wananchi walipopiga kura ikapewa jina la mwimbaji, mama Annie Cordy. Mfalme amebaki juu tu, na farasi wetu.

Kutoka kwa farasi nikatembea kwa miguu, dakika chache, nikatokea Porte de Namur. Na pale mwanzo wa Matonge kuna kibao: Square Patrice Lumumba, kilichozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Ni mwendo wa kituo kimoja tu cha metro kutoka hapo hadi kwa Leopold. Ningekuwa mimi ndiye mwenye treni, ningezidisha nauli hapo katikati, maana safari ni ndefu kuliko inavyoonekana.

Matonge sitawaeleza, mtanionea wivu. Niseme tu kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya mawese nikiwa bado mbali, na kwamba mama mmoja aliniita "papa" kabla hajanipunja. Nilinunua sombe, nikanunua makayabo, nikafunga ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko, na huo ndani ya mwingine. Haikusaidia.

Kurudi nilijua kitu kimoja: nakwenda Simonis. Ikaja treni imeandikwa Elisabeth; nikaiacha. Ikaja nyingine, Elisabeth, nikaiacha. Ya tatu, Elisabeth. Nikaanza kuona huyu malkia ana magari mengi kuliko mfanyabiashara wa Butembo. Ya nne ilipopita nikapiga simu.

"Yaya, treni ya Simonis imeharibika."

"Panda Elisabeth."

"Sitaki Elisabeth, nataka nyumbani."

"Elisabeth NDIO nyumbani! Ni nyumba moja ina milango miwili!"

Nikapanda. Na hapo ndipo makayabo yalipofanya kazi ambayo mimi na bonjour yangu tulishindwa. Baada ya kituo kimoja yule bibi wa mbele yangu akamtazama jirani yake. Jirani akamtazama kijana wa dirishani. Kijana akasema kitu, bibi akajibu, mwingine akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona wazungu wasiojuana wakizungumza ndani ya metro. Hawakusema mema, lakini walizungumza. Kisha wakahamia upande mwingine wakiwa tayari marafiki, wakaniachia viti sita.

Tukafika Arts-Loi, na behewa karibu zima likashuka. Sasa niambieni, nyinyi mnaoijua barabara ya Beni: abiria wote wakishuka, maana yake nini? Gari limekwama kwenye matope au kuna bariera. Unashuka, unasaidia kusukuma au unatoa kitambulisho. Nikashuka nao. Wakapanda ngazi, nikapanda. Wakapita ushoroba, nikapita. Wakaingia treni nyingine, nikaingia, nikiwashukuru kimoyomoyo kwa kunionyesha njia. Ilikuwa njia ya 1, nayo ilikuwa inakwenda upande mwingine kabisa wa mji.

Kituo cha kwanza baada ya hapo ni Maelbeek. Nilikiona ni kituo kama vingine. Ni usiku ndipo yaya aliponieleza. Asubuhi ya tarehe 22 Machi 2016 bomu lililipuka ndani ya treni pale, siku ileile uwanja wa ndege uliposhambuliwa. Watu waliondoka nyumbani kwenda kazini, hawakurudi. Nami nilikuwa nimewaona watu pale wakiingia na kutoka, mmoja akila mkate wake amesimama. Sisi tuliowahi kushika jembe upande wa Beni, asubuhi baada ya usiku wa kilio, tunaujua mkate ule. Kesho yake nikapunguza kuwacheka abiria kwa kimya chao.

Treni iliendelea hadi ikakataa kuendelea. Stockel, mwisho wa njia. Nikatoka nikakuta ukuta mzima umechorwa watu, zaidi ya 140, na katikati yao yule kijana wa nywele zilizosimama na mbwa wake mweupe: Tintin. Michoro hiyo iliandaliwa na Hergé mwenyewe kabla hajafa mwaka 1983, na kituo kikafunguliwa 1988. Hergé huyo alituchora sisi Wakongo mwaka 1930 bila kukanyaga Kongo hata siku moja, na kwa midomo ile aliyotupa, inaonekana hakuuliza mtu. Nikasimama mbele yake na makayabo yangu. Nikamwambia Tintin: wewe ulikuja kwetu bila kufika, mimi nimefika kwenu bila kukusudia. Tuko sawa.

Usiku ule, sombe ikiwa jikoni, nikakaa na ramani mezani kama mtoto wa darasa la kwanza. Yaya akasema, "Yakariri tu majina." Nikajaribu: Ribaucourt, Yser, Rogier, Botanique, Madou. Yanatoka kama mchanga vidoleni. Jina la Yser halikuambii kama linatangulia Rogier au linafuata. Ndipo nikaliona tatizo. Siyo treni iliyonishinda. Ni majina yasiyo na mpangilio! Kwetu sisi Wanande, mtu akikutajia majina ya watoto wa nyumba moja, papo hapo unajua nani alimfungulia nani mlango. Kwa wavulana, Mumbere ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Hakuna Munande anayehitaji ramani ndani ya familia ya Munande mwenzake.

Nikachukua kalamu. Nikaanzia Elisabeth, mlango wa mbele. Ribaucourt nikambatiza Mumbere. Yser, Kambale. Rogier, Kasereka. Botanique, Kakule. Madou, Katembo. Kikafuata Arts-Loi, cha sita, na hapo kalamu ikasimama. Kwa foleni angekuwa Mbusa. Lakini hapa ndipo nilipopotea: mahali ambapo ulikuwa unakwenda upande mmoja, ghafla unageukia mwingine, unaacha njia ya 2 unashika ya 1. Mtoto anayekuja na kugeuza mwendo wa nyumba tunamwitaje? Nikamtazama yule aliyelala kifuani kwa yaya. Nikaandika: Kahindo.

Trône sikuibatiza, yule mfalme aliye juu yake anaitosha. Porte de Namur nikaiita kitinda mimba, kwa sababu ndiye aliyebaki na chakula.

Tangu siku ile sijapotea. Nakwenda Matonge nimefumba macho: Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Kahindo, Mfalme, shuka. Siagi mpaka niko nje ya mlango, naaga kupitia kioo. Vijana watatu wa yaya wameikariri kabla yangu, nao hawakubali tena kituo kiitwe Botanique. Ni kwa Kakule.

Jana jirani wa ghorofa ya juu, bibi wa Kibelgiji, mstaarabu, alileta soksi ndogo za mtoto. Akamwangalia, akauliza anaitwa nani. Kahindo, tukamwambia. Jina zuri, akasema, lina maana gani? Yaya akaanza kueleza habari ya wavulana watatu, kisha msichana, kisha mababu, kisha mlima, bibi akiitikia kwa macho ya mtu aliyepitwa na kituo chake. Nikamwonea huruma. Nikamwambia:

"Madame, maana yake ni Arts-Loi."

Akafikiri kidogo. Kisha akainama juu ya mtoto, akacheka, akasema, "Aa! Hapa mnabadilisha."

Mama, ukipata nguvu ya kupanda ndege, njoo. Kukanda mzazi bado sijui. Ukifika Elisabeth, umefika nyumbani.

Mimi wenu, niliye juu ya ardhi kwa leo.